Chembe Mia na Ishirini na Tano

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mishale. Watu walimwita Manyoya, kwa sababu hata siku alipokuja kwetu kuposa alikuwa na unyoya nyuma ya sikio, na shangazi zangu walicheka mpaka chai ikamwagika. Alipofariki aliacha mishale sita juu ya meza ya kazi. Miti yake imenyooka, manyoya yamebandikwa na kufungwa uzi, na karibu na mkia kila mmoja una mstari mwekundu, ndiyo alama yake. Kilichobaki kilikuwa kuivisha vyembe, yaani vile vichwa vya chuma vya mbele. Hatukuwahi.

Niliizungushia shuka, nikaiweka juu ya kabati. Kwa miaka minne kazi yangu na mishale ile ilikuwa kuishusha kila mwezi, kuitazama kama imepinda, kuigeuza na kuirudisha juu. Mtu akiniuliza naiweka ya nini, nilimjibu kwamba inakauka.

Sasa mume wa binti yangu, ambaye ni karani wa masjala, aliambiwa na daktari atembee. Mtu mwingine angetembea. Yeye alinunua upinde. Ni mkwe mzuri, nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele itaonekana kama namsengenya. Hajawahi kuninyanyulia sauti, na nikiumwa huja kabla ya wanangu wa kuzaa. Ila jambo akilisoma Jumatatu, Jumatano ni mtaalamu, na Ijumaa anakushangaa wewe hujui.

Alijiunga na chama cha wapiga upinde, watu kama kumi hivi, wenye mwenyekiti ambaye ni daktari wa meno. Kila Jumamosi asubuhi huenda kwenye shamba la miti lililokatwa, kupiga visiki. Kupiga visiki ni mazoezi mazuri, Manyoya aliyapenda kuliko kupiga ubao. Unatembea, unakiona kisiki, hakuna wa kukuambia ni hatua ngapi mpaka pale. Unavuta, unaachia, na jicho lako linajifunza kupima lenyewe. Mkwe wangu alikwenda na mishale kumi na miwili ya dukani. Baada ya Jumamosi tatu alibaki na upinde.

Ndipo akaja kwangu, amevaa shati la kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu, egemea."

Hakuegemea. Alikaa kwenye ncha ya kiti, na mkwe akikaa hivyo ujue kaja kuomba.

"Mama, nimekuja kwa ajili ya ile mishale ya mzee."

"Inakauka."

"Miaka minne, mama?"

Chini ya pazia la mlango niliona vidole vya miguu ya binti yangu, vimepakwa rangi, vimesimama vinasikiliza.

"Itarudi yote sita," mkwe akasema. "Kama ilivyo, bila mkwaruzo. Isiporudi sita, mama, usinihesabu kuwa mkwe."

"Nikuhesabu kuwa nani?"

Vidole vya mlangoni vikakunjika. Nikakubali. Nilikubali shingo upande, kwa sababu najua mti ulikatwa mwaka gani, najua aliukwangua kwa kisu gani, na fundi mwenyewe hayupo wa kutengeneza wa saba. Ila mkwe ni mkwe, utamwambiaje hapana akiwa ameketi hivyo?

"Lakini viwe vyembe butu," nikamwambia. "Vichwa vya mviringo, kama kidole gumba. Kisiki kikiwa kigumu, chembe chenye ncha kinazama hakitoki, utavunja mti ukiuvuta. Na ukikikosa kisiki, ncha inapenya chini ya nyasi, mshale unalala humo kama nyoka, unaupita mara tano huuoni. Butu kinagonga, kinaanguka pale pale, unainama unaokota."

Alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akatoa simu.

"Mama, jambo hili nimelisoma sana. Siri yote ni uzito. Vyembe vikilingana uzito, mishale inaruka sawa, kama mmoja. Hapa wameeleza kila kitu."

Ukurasa wenyewe ulikuwa wa lugha za watu, simu ikaugeuza Kiswahili. Huko kwao vyembe hupimwa kwa kipimo kidogo mno, kidogo kama punje, na simu haikuona tabu, ikakiita chembe: kila kichwa kiwe na uzito wa chembe mia na ishirini na tano. Mkwe wangu akapita kwa mhunzi akitoka kazini, akamwambia: "Ni mishale sita. Nataka chembe mia na ishirini na tano. Za kupigia visiki." Akaenda zake, ana haraka ya basi.

Wiki mbili baadaye mhunzi alikuja nyumbani anasukuma baiskeli, na nyuma amefunga gunia. Alikuwa rafiki wa Manyoya tangu ujana, ananiita shemeji, na tangu hapo hatujawahi kuongea dakika tano bila kutukanana kidogo.

"Shemeji, toka nje uone kazi ya mwanamume. Mzigo wa mkwe wako huu."

"Mkwe wangu aliagiza misumari?"

"Vyembe! Mia na ishirini na tano, hesabu ukitaka. Nimechoma mkaa wote, nimemaliza vyuma vyote, mpaka bawaba za choo changu zimo humo. Sasa mlango wa choo nauegemeza na tofali."

Nilifungua gunia. Vilikuwemo kweli, vyeusi, vinanuka moto.

"Nawe hukuuliza? Mtu ana mishale sita, anataka vyembe mia na ishirini na tano?"

"Nilijiuliza, nikajijibu. Kila mshale unapata ishirini, vitano vya nyongeza. Nikasema huyu kasoma, anaweka akiba." Akainamisha kichwa karibu na sikio langu. "Halafu alisema 'chembe', hakusema 'vyembe'. Nikajua ni mtu wa ofisini, wingi haumjui. Sikumsahihisha. Mkwe wa mtu, utamsahihishaje barabarani?"

Nikatoa kimoja nikakigeuza kiganjani. Shingo yake ilikuwa na kikombe cha kuingiza mti, kizuri, kimepigwa kwa mkono wa anayejua. Mbele kilikuwa na ncha kali. Na ubavuni, kulia na kushoto, ndoano mbili zilizoelekea nyuma.

"Na hizi ndoano?"

"Aliniambia ni vya visiki. Nikasema kisiki kikishikwa kisiponyoke."

"Kisiki kitakimbilia wapi, shemeji?"

"Mimi nitajuaje? Mwindaji si mimi."

Mkwe alipofika jioni hiyo na mkewe, gunia lilikuwa sebuleni. Alichungulia. Alitia mkono, akatoa kimoja, akakirudisha. Nilifikiri atasema amekosewa, na mimi nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kumfariji.

"Ndiyo," akasema. "Ndivyo nilivyotaka."

"Vyote?" binti yangu akauliza. "Unakwenda kupiga visiki au kuteka nchi?"

"Ukitaka sita vinavyolingana, lazima uwe na vingi vya kuchagua. Ni utaratibu unaojulikana."

"Unajulikana na nani?"

"Na wanaojua."

Nikajaribu mara ya pili. Nikamwonyesha ndoano, nikamwambia kwa upole, "Baba, hizi zikiingia kwenye mti hazitoki. Mpelekee shemeji akupigie sita tu vya butu." Akasema chuma kimekwisha, mhunzi mwenyewe amemwambia, na hata hivyo umbo si hoja, hoja ni uzito. Kesho yake akalichukua gunia mpaka kwa sonara, mwanamke mmoja mwenye mizani inayopima mpaka pumzi. Walikaa pale tangu saa sita mpaka duka likafungwa, wanaweka, wanatoa, wanaandika. Sonara alimuuliza kama bibi harusi ameshaviona. Hakucheka. Katika vyote mia na ishirini na tano, vilivyolingana sawasawa vilikuwa sita. Gramu nane na pointi moja, kila kimoja. Alirudi nyumbani amevishika kama mtu aliyetoka kujifungua.

Kuvisha vyembe akanipa mimi, kwa kuwa ndiyo kazi niliyomfanyia Manyoya miaka thelathini na moja. Ilikuwa Ijumaa mchana. Nikamwambia mara ya tatu, mara hii kwa ufupi: "Butu, baba." Akanishukuru, akarudi ofisini.

Nikaishusha mishale. Nikafungua shuka, nikaipanga mezani, na kwa mara ya kwanza sikuigeuza kutazama kama imepinda. Nilikaa tu. Gundi ilikuwepo, kopo zima. Nikalifungua, nikalinusa, nikalifunga, nikalirudisha kabatini.

Mtu anayevisha vyembe anajua jambo moja. Gundi ikishika chembe kwa nguvu, na kisiki kikashika ndoano kwa nguvu, wa kuvunjika ni yule aliye katikati. Nikachukua nta ya nyuki. Nikawasha mshumaa, nikapasha kile kikombe cha shingo ya chembe, nikadondosha nta, nikasukuma mti ndani, nikaushikilia mpaka ukapoa. Nta inatosha kushika chembe kikiruka. Kikivutwa, haitoshi. Nikarudia mara sita, nikafuta mabaki kwa kitambaa, ikapendeza kuliko ya gundi.

Sikumwambia. Angekwenda kusoma habari za nta.

Jumamosi nilisema na mimi nakwenda.

"Mama unakwenda kulinda mishale," binti yangu akasema.

"Nakwenda kunyoosha miguu. Nami daktari ataniambia nitembee."

Nikabeba kikapu, ndani yake nta, mshumaa na kiberiti. Mkwe wangu alilibeba gunia lililobaki begani, kwa sababu kuliacha nyumbani kungekuwa kukiri.

Shamba lenyewe lilikuwa pana, visiki vimetapakaa, vingine vya juzi, vyeupe bado, vingine vimeota kuvu, na katikati nyasi za kufika gotini. Daktari wa meno alitusalimia vizuri. Ni mtu mnene, mpole, mwenye kijitabu mfukoni cha kuandika nani kapiga nini, na akikusalimia macho yake yanakwenda kwanza kwenye fizi zako. Wangepita visiki kumi na viwili, kila mmoja mshale mmoja kwa kila kisiki.

Cha kwanza kilikuwa kisiki kigumu, hatua thelathini hivi. Mkwe wangu akavuta upinde. Nikashika kikapu kwa mikono miwili. Mshale uliruka vizuri, Manyoya angeufurahia, ukaingia katikati ya kisiki kwa mlio kama mlango uliobamizwa.

"Hapo!" wenzake wakasema.

Tukaenda kuutoa. Daktari wa meno akauangalia, akakikagua kisiki kwa kidole, akatikisa kichwa. "Hili ni gego. Tena limekaa vibaya."

Mkwe akaushika mti karibu na kisiki. Akavuta. Akaweka mguu kwenye kisiki akavuta tena, nami nikafumba macho. Nikasikia kitu kama kizibo cha chupa. Nilipofumbua, mshale ulikuwa mkononi mwake, mzima, mstari mwekundu mahali pake, na mbele hauna kitu. Chembe kilibaki ndani ya kisiki.

"Jino limetoka, mzizi umebaki," daktari akasema.

Mkwe wangu aliutazama mti, akakitazama kisiki, akawatazama watu tisa waliomzunguka. Nilijua anatafuta la kusema, na nilijua atalipata.

"Ndivyo unavyofanya kazi," akasema. "Ni mfumo. Chembe kinabaki, mshale unarudi. Mshale haupati mkwaruzo." Akaligonga gunia begani, likalia. "Mnadhani niliagiza mia na ishirini na tano kwa nini?"

Daktari wa meno akatoa kijitabu akaandika.

Basi ikawa hivyo. Kisiki cha pili, kizibo. Cha tatu, kizibo. Wenzake huku wanavunja, wanapoteza, mmoja alikata mshale wake kwa msumeno kuokoa nusu. Tulipofika kisiki cha sita watu wawili walikuwa wamemuuliza mhunzi anapatikana wapi, na mkwe wangu alikuwa anaeleza habari za mfumo kwa mikono yote miwili, upinde umening'inia kwenye kiwiko. Nami nilikuwa nimekaa juu ya kisiki, nimewasha mshumaa, navisha vyembe upya. Hakuna aliyeniuliza nafanya nini. Bibi akikaa chini na moto mdogo, watu hudhani anapasha chakula.

Ila vile sita vya sonara vilikuwa vimekwisha, vimo visikini. Sasa natoa guniani chochote kinachokuja mkononi.

Mkwe akaninong'oneza, "Mama, hivi vimepimwa?"

"Vimepimwa na mhunzi. Kwa jicho."

Hapo nikaona kwamba kwenye uzito alikuwa na haki yake, na lazima niseme kweli. Kwenye kisiki cha saba mshale ulipita juu kwa shibiri, tukauokota kwenye kichuguu. Kwenye cha nane uligusa gome tu. Mshale mmoja unapanda, mwingine unashuka, na yeye mkono wake ni ule ule. Kisiki cha kumi na mbili kilikuwa mbali kuliko vyote, kimezungukwa na nyasi. Akavuta. Nilipouona mshale unaondoka nikajua chembe kile ni kizito, kwa jinsi kichwa kilivyoinama mapema. Ulishuka hatua kumi kabla ya kisiki, nyasi zikafunguka kidogo, zikafunga.

Tukatafuta wote, robo saa. Kisha watu wakaanza kutazama saa zao, wakaenda kukaa kivulini. Daktari wa meno akamwekea mkwe wangu mkono begani.

"Mmoja katika sita si hasara, bwana. Mimi leo nimeacha minne."

"Huo si wangu," mkwe akasema.

"Wa nani?"

Alivua viatu, akavua soksi, akaziweka ndani ya viatu kama mtu anayeingia kulala, akarudi kwenye nyasi. Alipiga magoti na suruali yake ya kupigwa pasi. Alitembeza viganja chini, mstari kwa mstari. Jua lilikuwa utosini. Simu ililia mfukoni mwake mara mbili, akaiacha ilie.

Nikamfuata. "Unatafuta karibu mno, baba. Ukiingia chini ya nyasi unakwenda mbali kuliko unavyodhani. Simama. Tembea upande, siyo mbele, na uburute mguu."

Akasimama. Akaburuta mguu, upande, kama nilivyosema. Hakuuliza imeandikwa wapi. Tulikwenda hivyo, yeye mbele na mimi nyuma, mpaka jasho likamshika shati mgongoni. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kujizoesha neno "mitano". Nililirudia kimoyomoyo, mitano, mitano, na kila nikilisema lilikuwa baya zaidi.

"Mama," akasema. "Nimekanyaga kitu."

Akachutama. Akapasua nyasi kwa vidole. Mstari mwekundu ulikuwepo, hatua nyingi mbele ya pale tulipokuwa tumeanzia. Chembe kilikuwa kimezama kwenye mzizi. Akaushika mti kwa vidole viwili, akauvuta polepole, sivyo alivyoivuta ile mingine. Ukatoka mzima, chembe kikabaki mzizini. Akaugeuza, akatazama ncha yake. Akaikwangua kwa ukucha, akanusa.

"Mama. Hii ni nta."

"Ni nta."

"Na gundi?"

"Ipo kabatini."

"Yote sita?"

"Yote sita."

Alibaki amechutama. Akageuka akamtazama daktari wa meno kule kivulini, na kijitabu chake.

"Nimewaambia ni mfumo."

"Nilisikia, baba."

"Sasa mama, kwa nini hukuniambia tu nitumie butu?"

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeuliza kweli, na amekwaruzwa shavuni na nyasi.

"Nilikuambia siku ya kwanza uliyokuja. Nikakuambia siku ya gunia. Na jana nikakuambia."

Akafikiri. "Nilidhani ni mazungumzo."

Nikacheka. Sikupenda kucheka, ilinitoka tu, na nilipoanza ikawa tabu kuacha. Yeye akatazama pembeni, kisha mabega yakaanza kumtikisika na yeye.

Daktari wa meno alikuja na kalamu yake. "Umepatikana! Sita kwa sita. Leo hakuna mwingine. Bwana, mfumo wako lazima ulielezee chama, Jumamosi ijayo. Tuanzie wapi, uzito?"

Mkwe wangu akafungua kinywa. Nilikisubiri kinachokuja. Akakifunga.

"Muulize mama," akasema.

Daktari akanigeukia, macho yakaenda kwenye fizi, yakarudi. Nikamwambia vyembe vya visiki ni butu, daktari, na vyenye ncha ni vya visiki vilivyooza tu, na ndoano usimpe hata adui. Akaandika yote. Akaniuliza nimejifunza wapi, nikamwambia nyumbani. Akaandika na hilo.

Watu walipoanza kuondoka, mkwe wangu aliikusanya mishale, akaipanga mstari mwekundu juu ya mstari mwekundu, akaifuta kwa pindo la shati lake. Akanisogezea kwa mikono miwili.

"Sita, mama. Hesabu."

Nilikuwa nimeshahesabu, tangu mbali.

"Shika wewe," nikamwambia. "Mimi nina mzigo."

Kikapuni mlikuwa na kipande cha nta kilichobaki, kama ukubwa wa kifungo cha shati. Nikakiweka kikapu begani, nikatangulia.